Mbuzi Hawakunjiki

Matiliku,
17 Januari 1988

Kwa dada Nzilani,

Pokea salamu hizi kabla hujatia uzi kwenye sindano, maana najua ukishaanza kushona husomi barua ya mtu. Sisi huku hatujambo. Mvua ya Desemba ilitupita ikienda kwa watu wengine, lakini mbaazi zimesimama na hatujalala njaa. Kisilu anakua. Ameshajifunza kukataa uji kwa adabu, sawasawa na marehemu babu yake mwenye jina. Mutindi anakusalimu sana, anasema lile gauni la maua ulilomshonea limeanza kumbana. Shemeji Mwangangi mpe mkono wangu.

Sasa sikia. Kampuni imetugawia zawadi za mwaka mpya, na mimi nimepata dayari ndogo ya ringi. Jalada ni la ngozi nyeusi na inaingia mfuko wa koti bila kuvimba. Ndani kuna ringi za chuma. Ukizibonyeza zinafunguka, unatoa karatasi, unaingiza nyingine, unafunga. Wenzangu wanaandikia miadi tu, basi. Mimi nimeifanya waleti. Nilichukua plastiki ya kufunikia vitabu vya shule, nikaitoboa kwa panchi ya ofisi, nikashona kingo kwa mkono wangu mwenyewe. Ungeona mishono yenyewe ungenicheka mpaka Krismasi. Lakini imekuwa mifuko, na kila mfuko una kazi yake. Kitambulisho changu kiko mbele pamoja na leseni. Cha Mutindi kinafuata, maana nyumba yetu ina panya. Kadi ya kliniki ya mtoto, stempu, risiti za basi za kudai kazini, ile karatasi ya kipande cha baba cha enzi ya mkoloni, picha ya mama, vyote humo. Zamani nikiulizwa kitu napindua masanduku mpaka natoka jasho. Siku hizi nafungua tu. Nyumba nzima natembea nayo kifuani.

Na lile jambo lako usininung'unikie tena. Kuna karatasi ya mipango ya kila mwezi, na kwenye Aprili nimeandika kwa wino mwekundu: MBUZI WATATU WA NTHEO, MIGWANI. Ukikutana na baba mkwe mwambie mambo yameshaandikwa.

Ni mimi ndugu yako,
Mutie


Migwani,
9 Februari 1988

Mdogo wangu Mutie,

Barua yako ilinikuta nikipiga pasi sare za kwaya, na nilizima pasi nikaisoma yote, kwa hiyo usinisingizie. Sisi wazima. Mwangangi anaumwa mgongo lakini anaumwa kila mwaka wakati wa kupalilia, tumezoea. Cherehani bado iko pale pale barazani kwa duka la Hassan, na Hassan bado hataki kodi mwezi wa Ramadhani, Mungu ambariki.

Nimefurahi umepata dayari. Nimecheka kuhusu mishono. Lakini Mutie, wewe unauza dawa ya kuogeshea mbuzi wa watu kutoka Voi mpaka Garissa, na mbuzi watatu wa mke wako mwenyewe wamekushinda mwaka wa tano sasa! Hiyo dayari imeandikwa dawa yake pia?

Acha nikwambie ninavyoishi. Ni mimi niliyekuonyesha Mutindi, kwenye semina ile ya vijana wa kanisa. Kila siku ya soko baba yake anapita mbele ya cherehani yangu. Mzee Ndululu ananisalimu vizuri, anauliza hali ya Mwangangi, kisha anauliza, "Na Matiliku, kumenyesha?" Hataji mbuzi hata siku moja. Ndiyo maana nikiona kofia yake kwa mbali natafuta uzi chini ya meza.

Unajua sheria ya ntheo kama ninavyoijua, lakini wacha niiseme. Mwanamke ambaye mbuzi wake hawajafika kwao ni mgeni nyumbani mwako. Akipatwa na neno leo, watakuja wamchukue wakamzike kwao, na Kisilu ni mtoto wao. Kanisa litaimba, sawa, lakini kanisa halitawazuia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Halafu kuna mambo mawili. Kitambulisho cha mtu mzima kinafanya nini kwenye waleti yako? Mnunulie paka. Na katika barua nzima umenisalimia mpaka panya wa nyumba, lakini baba mdogo Musyoka hujamtaja, na boma lake liko ng'ambo ya ua wako. Kuna nini?

Dada yako,
Nzilani


Voi,
2 Mei 1988

Dada mpendwa,

Nakuandikia nikiwa gesti, kuna joto ambalo hata mbu wameamua kupumzika. Natumaini mgongo wa shemeji umepona sasa kazi ya shamba imekwisha. Nimewaona watu wa kwetu wengi hapa, kila mmoja anauliza habari za nyumbani utafikiri mimi ni redio.

Usikasirike kuhusu Aprili. Kampuni ilinituma kwenye ranchi huku bila notisi. Nilichofanya, nilifungua ringi nikaichomoa ile karatasi yenye wino mwekundu, nikaihamishia Agosti. Ndiyo uzuri wake. Daftari la kawaida ungefuta, ungechafua, ungeonekana mtu asiye na mpango. Hapa hakuna hata alama.

Sasa habari njema. Mutindi ni mjamzito. Ameanza kliniki na wanasema ni mwezi wa kumi na moja Mungu akipenda. Ile mimba iliyoharibika mwaka juzi ilimtia hofu, kwa hiyo wamempima kila kitu, mpaka aina ya damu, wakaandika kwenye kadi. Kadi nimeitengenezea mfuko wake mpya wenye kifungo. Akienda kliniki nampa, akirudi narudisha. Haitapotea hata nyumba ikiungua.

Tuombee. Salamu kwa Hassan.

Mutie


Migwani,
23 Mei 1988

Mutie,

Nilipofika pale penye habari ya mimba nilipiga vigelegele peke yangu barazani, wateja wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Mungu awe naye. Nimeanza kushona nguo za mtoto za manjano, maana manjano haichagui mvulana wala msichana.

Kisha nikasoma tena, nikakasirika. Kadi ya mwanamke mjamzito inakaa na tumbo lenyewe! Tumbo haliendi Voi. Wewe ndiye unayekwenda Voi. Mpe kadi yake, aifunge kwenye kitambaa, aiweke chini ya mto, kama tulivyofanya wote tukazaa na tukalea. Nakuomba kama mama angekuomba.

Na usinionyeshe uzuri wa karatasi inayohama. Mimi nikikosea mshono nafumua, na tundu za sindano zinabaki kwenye kitambaa. Zinanikumbusha nilipokosea. Wewe umepata kitu kinachokusahaulisha, na unakisifu.

Mzee Ndululu amesikia kuhusu mimba. Hakusema pongezi. Aliuliza, "Matiliku kumenyesha?"

Swali langu kuhusu baba mdogo umelipita kama hukuliona. Nalirudia.

Nzilani


Matiliku,
6 Agosti 1988

Dada Nzilani,

Salamu nyingi, na samahani kwa ufupi. Sisi wazima, Mutindi anavimba miguu kidogo lakini wanasema ni kawaida. Kisilu ameanza shule ya chekechea.

Kesho naondoka kwenda Garissa kwa wiki kadhaa na Agosti ndiyo hii. Nimefikiri sana nikaona njia. Ndani ya barua hii kuna hawala ya posta ya thamani ya mbuzi watatu, tena wazuri, kwa bei ya soko la Migwani. Ichukue, mpelekee Mzee Ndululu, mwambie ndiyo ntheo. Anunue mwenyewe anaowapenda. Siku hizi watu wengi wanafanya hivyo, hata walimu. Akipokea utanijulisha, nami nitaiondoa ile karatasi nyekundu kwenye dayari, moyo utulie.

Dayari inaendelea vizuri. Nimeongeza mfuko wa dawa za kichwa.

Wako,
Mutie


Migwani,
20 Agosti 1988

Mutie, mwana wa mama yangu,

Hawala yako hiyo, nimeirudisha kama ilivyokuja. Sikumwonyesha mtu yeyote, hata Mwangangi. Ningempelekea Mzee Ndululu bahasha angenifukuza, na angekuwa na haki.

Mbuzi hawakunjiki, ndugu yangu. Hawaingii kwenye bahasha wala kwenye mfuko wa plastiki. Ntheo ni miguu. Watu wa Migwani waone mbuzi wanapita njiani wakilia, na mbele yao mzee wa ukoo wetu akiwa na fimbo, waulizane, "Hao wanakwenda kwa nani?" na wajibiwe, "Kwa Ndululu, binti yake ameolewa." Hiyo ndiyo ntheo. Bei ya soko hailii njiani.

Tena nimejua kwa nini unakunja. Wiki iliyopita nilikwenda Mbumbuni kwa mazishi ya mwalimu Jonah, na nani yuko kwenye benchi la wazee? Baba mdogo Musyoka. Nilimpelekea chai, nikamuuliza mbuzi watakwenda lini. Aliweka kikombe chini. Aliniambia hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie huyo ndugu yako, mimi sitembezi mbuzi ya mtu ametupa baba yake kwa shimo ya takataka."

Nikadhani mzee amechanganyikiwa. Kumbe ni kile kibati cha kipande, kile baba alichovaa shingoni miaka ya mzungu, kilichomwachia alama kifuani. Uliitoa karatasi ndani ukaitia kwenye dayari kwa sababu inalala bapa, na kibati ukakitupa kwa sababu kilikuwa kinavimbisha mfuko. Baba mdogo alikuomba umpe. Ukamwambia kimeshatupwa, tena ukamwonyesha mfuko wa plastiki ili akusifu. "Karatasi iliandikwa na mzungu," aliniambia. "Kibati ndio kilibeba jasho ya ndugu yangu."

Sikukusudia kulia kwenye mazishi ya mtu mwingine, lakini nililia.

Basi sasa najua. Huna mzee wa kukutangulia, na badala ya kusema hivyo unahamisha karatasi. Nenda kwa baba mdogo. Usiende na dayari. Kaa chini, nyamaza, akutukane mpaka achoke. Mutindi anakaribia siku zake na yuko kwako kama mgeni. Nakuogopea.

Dada yako,
Nzilani


Matiliku,
30 Oktoba 1988

Dada,

Salamu. Huku joto limezidi, watu wanachoma visiki wakisubiri mvua. Bei ya mahindi imepanda. Mbaazi za jirani zimeliwa na ngedere. Kanisani tumepata mchungaji mpya kutoka Nunguni, sauti yake ni ndogo lakini anajitahidi. Ile barabara ya kwenda Nziu wameitengeneza.

Mutindi amekwenda Migwani na Kisilu kuwasalimu wazazi wake. Usishangae ukimwona sokoni. Atakaa kidogo kisha atarudi.

Mengine yote ni sawa.

Mutie


Migwani,
14 Novemba 1988

Mutie,

Mengine yote ni sawa? Uliishikaje kalamu ukaandika maneno hayo?

Nilimwona Mutindi sokoni. Nilimkimbilia mikono wazi, macho yangu yakashuka kwenye tumbo kabla ya kufika usoni. Hakukuwa na tumbo. Hakukuwa na mtoto mgongoni. Alikuwa na kanga mbili, na Kisilu amemshika kidole. Nilimketisha nyuma ya cherehani, nikamfunika kwa pazia la kupimia nguo, ndipo akasema. Nakuandikia maneno yake kwa sababu wewe umeyanyima wino.

"Nilimwomba hiyo kadi kabla aende Garissa mara ya pili. Akaniambia iko mahali salama. Nikamwachia, ni bwana yangu. Damu ikaanza siku ya Jumanne nikichota maji. Majirani wakanibeba mpaka hospitali. Daktari akaniuliza, 'Mama, damu yako ni ya aina gani?' Nikamwambia iko kwa dayari. 'Dayari iko wapi?' Nikamwambia iko Garissa."

Hakuna aliyemfukuza, anasema walimshughulikia vizuri. Lakini walianza kupima upya, na mashine yao ilikuwa na foleni. Daktari mwenyewe alimwambia huenda mtoto asingepona hata kwa kadi. Huenda. Hilo neno Mutindi analirudia kama mtu anayetafuna kitu kisicholainika.

Nina hasira nawe, na nilivyokupenda tangu nikubebe mgongoni nashindwa kukuchukia, hilo nalo linaniudhi. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ungeniandikia ningekuja siku ile ile.

Mzee Ndululu alikuja mwenyewe kwenye cherehani. Safari hii hakuuliza mvua. Alisema, "Nzilani, mimi niko na msichana kwangu. Si mke wa mtu, na si mtoto yangu ya kukaa bure. Niambie nimwite nani." Anasema mwaka ukiisha bila mbuzi, Mutindi amerudi moja kwa moja, na Kisilu atabatizwa upya kwa jina la nyumba yao. Jina la baba, Mutie. Litafutwa.

Usiniandikie habari za ngedere tena.

Nzilani


Matiliku,
3 Desemba 1988

Dada Nzilani,

Nimeisoma barua yako, nikaiacha, nikaisoma tena. Sina la kujitetea.

Nilikwenda kwa baba mdogo. Amekubali. Tutafika Migwani Jumamosi tarehe kumi na saba, yeye akiwa mbele, pamoja na binamu wawili na mbuzi watatu. Tutashukia njia panda na tutembee kwa miguu kutoka hapo, alisisitiza. Mbuzi amewachagua yeye kutoka zizi lake, si langu. Alisema wangu wana dawa nyingi.

Mwombe Mwangangi atupokee. Mwambie Mutindi nakuja. Kama hataki kuniona, mwambie bado nakuja.

Mutie


Migwani,
28 Desemba 1988

Mdogo wangu,

Natumaini mlifika salama na baba mdogo hajashikwa na kifua kwa vumbi lile. Krismasi yetu ilikuwa ya kimya. Kisilu alikula hapa kwangu na akakuulizia.

Watu bado wanazungumza. Mbuzi walilia njiani vizuri kabisa, hasa yule mweusi, na wanawake wa sokoni waliacha nyanya zao wakasimama. Baba mdogo na ile fimbo! Nilijisikia nina ukoo. Nakwambia haya kwanza kwa sababu najua uliondoka umevunjika, na ni haki ujue kwamba sehemu yako ulifanya.

Ulivyoona ndivyo ilivyokuwa. Mzee Ndululu alimwita Mutindi mbele ya wazee akamuuliza kama inavyotakiwa, "Mbuzi hawa, tule?" Akamuuliza tena. Badala ya kujibu, Mutindi akaomba vitu vyake vilivyo kwenye dayari. Ulipofungua zile ringi mbele ya watu wote, wazee walidhani unatafuta hotuba. Ukamkabidhi kitambulisho, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, vyote. Akavipokea, akaingia ndani, na hakutoka. Mzee akasema mbuzi wafungwe, hawachinjwi mpaka mwenyewe aseme. Mkaondoka bila kuonja nyama. Baba mdogo aliweka mkono begani mwako pale langoni. Niliona.

Sasa, kilichotokea baada yenu. Niliingia kwake. Nilimwambia, "Wifi yangu, ameleta mbuzi, amerudisha karatasi, utamwacha aendelee kuungua mpaka lini?" Akanijibu kwamba hashindwi kusamehe kadi. Kadi ni kosa la mtu anayependa mno kujipanga, alijua tangu mwanzo ameolewa na nani. Lakini alipoamka kule hospitali wewe ulikuwa umekuja na umeondoka, na mtoto hayupo. Akakuuliza mtoto yuko wapi. Ukamwambia, "Imeshughulikiwa." Akakuuliza tena nyumbani, ukamwambia apumzike. Mara ya tatu ulitoka nje.

"Nilimbeba miezi saba," aliniambia. "Hata ng'ombe huonyeshwa mahali ndama wake amelala."

Mimi pia sijui, Mutie. Ulimtupa? Nisamehe kuandika hivyo, lakini ndilo analolifikiri, na mimi nalifikiri saa nyingine nikiwa nashona. Anasema hatajibu swali la baba yake kabla wewe hujajibu lake. Na baba yake amesema hawezi kulisha mbuzi wa watu mpaka mvua za masika.

Jibu. Liandike lote.

Dada yako,
Nzilani


Matiliku,
8 Januari 1989

Dada Nzilani,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa shemeji. Baba mdogo ni mzima, hakushikwa na kifua.

Msomee Mutindi sehemu hii. Usimpe asome mwenyewe, msomee, kwa sauti yako.

Mutindi, alikuwa msichana. Nilifika hospitali ukiwa umelala kwa dawa, na muuguzi akaniambia nichague, wamzike wao au nimchukue. Nilimchukua. Nilimfunga kwenye kanga yako ya kijani, ndiyo maana hukuiona tena. Nilimleta nyumbani mikononi nikiwa nimekaa kiti cha mbele cha gari, na dereva hakunidai nauli.

Nilikwenda kwa baba mdogo nikaomba ardhi kando ya baba na mama. Alikataa. Alisema mama wa mtoto hajatolewa mbuzi, kwa hiyo mtoto huyu si wa ukoo, hawezi kulala na watu wa ukoo. Alikuwa anasema kweli, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Ndiyo sababu sikukwambia. Ningekwambiaje kwamba mtoto wako amekataliwa nyumbani kwangu kwa ajili yangu? Kila ulipouliza nilimwona baba mdogo akitikisa kichwa.

Sikumtupa. Nilichagua mtaro wa chini, upande wa kunde zako, pale unapopenda kuketi ukivuna kwa sababu kuna upepo. Nilianza kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu wa kiangazi. Baadaye kidogo nilisikia jembe la pili. Baba mdogo alikuwa amekuja, akachimba upande wake mpaka tukamaliza. Ardhi alininyima, lakini jembe hakuninyima. Hilo ndilo lililonipa nguvu ya kumrudia Desemba.

Hakufika siku ya kupewa jina, kwa hiyo hana jina, na sikumpa, nisivunje desturi. Lakini nikipita pale asubuhi namwita kwa jina la mama yangu. Nimemzungushia mawe. Kunde nimezing'oa upande ule ili mtu asivune juu yake. Ukisimama mlangoni pa jikoni hupaoni, na ukishuka mpaka mti wa mkwaju unapaona vizuri.

Kadi ile nilipaswa kukupa. Uliiomba na sikukupa. Nilipenda kujua kila kitu kiko wapi.

Sina zaidi.

Mutie


Migwani,
27 Januari 1989

Mutie, mwana wa mama yangu,

Hatujambo. Sina salamu ndefu leo.

Nilimsomea kama ulivyosema, nyuma ya pazia, na cherehani nikaisimamisha siku nzima. Nilipofika penye kanga ya kijani alinishika mkono. Nilipofika penye jembe la baba mdogo alilia, kwa sauti, mara ya kwanza tangu aje. Hassan alifunga mlango wa duka upande wetu, akawaambia wateja warudi kesho. Aliomba nimsomee tena pale penye mkwaju, ili ajue ni kushuka upande gani.

Kisha alisimama, akajifuta, akaenda kwao mbele yangu kwa mwendo ambao sikuweza kuufuata. Nilipofika alikuwa ameshamwambia baba yake, "Mchinje." Hivyo tu. Wamechinja yule mweusi, na wazee wamekula, na mimi nimekula kwa niaba yenu wote. Wewe una mke, Mutie. Kisilu ni Kisilu.

Anakuja wiki ijayo na mtoto. Sikumuuliza kama amekusamehe, na yeye hakusema. Amenituma neno moja tu nikuandikie, na nimemwahidi sitaongeza langu.

Amesema usiende kumpokea njiani. Atapita kwa mtoto kwanza, peke yake, akae huko mpaka atakapotosheka. Halafu ndipo atapanda kuja nyumbani.

Nzilani